Gari Alilolingoja Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa nakaanga samaki. Niliwapaka unga kidogo wasigande kwenye kikaango, unga ukanimwagikia pembeni, pale palipokuwa pamerukiwa na mafuta, ukaanza kuungua. Harufu ilipopanda niliacha mwiko hapo hapo, nikatoka nje kukaa barazani. Mume wangu akaja kuniuliza kulikoni, nikamwambia moshi umeniingia machoni. Samaki wakaungua wote. Masikini ya Mungu, akakaanga mayai, tukala.

Unga unaoungua kwenye mafuta, kwa watu wengine, ni harufu ya jikoni, basi. Kwangu mimi ni harufu ya injini ya gari la baba, uani kwetu Igogo, Mwanza, boneti likiwa wazi, wanaume wawili wameinama, na mimi nimesimama nyuma yao nikimwombea bibi yangu. Nitaeleza, maana hata mimi mwenyewe nikiisema hivi naona haieleweki.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, lile refu lenye mabawa madogo kwa nyuma, gia zake zikiwa pale pale kwenye usukani. Wenye umri wangu mnalijua bila kutajiwa jina. Lilikuwa gari la wakubwa wa serikali na mapadri kabla sisi hatujazaliwa. Baba alilinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, akalipenda kuliko hata nyumba. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha chama cha ushirika, na kazi yake ilikuwa kupanga madaraja: anachukua pamba kiganjani, anaivuta taratibu kwa vidole, anatazama nyuzi zake, kisha anasema hii daraja la kwanza, hii la pili. Hata nyumbani alikuwa hashiki kitu bila kukivuta hivyo kidogo, mkate, kitambaa, sikio langu.

Miaka hiyo ndiyo soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na malori yao, pamba ikawa haifiki tena kwa chama, na kiwanda cha kina baba kikawa kinaunguruma siku moja kinanyamaza wiki nzima. Mshahara ukawa hadithi. Wakati huo huo mji ulijaa vitu ambavyo hatujawahi kuviona. Mzee Kulwa, jirani yetu wa upande wa juu, alipata gari la Kijapani lililotumika, jeupe, vioo vinapanda kwa kubonyeza. Baba alilizunguka mara moja, akarudi ndani, akasema, "Lile ni friji lenye magurudumu."

"Friji halidondoshi," mama akamjibu, hakuinua hata kichwa kwenye mchele aliokuwa anauchambua.

Kwa sababu letu lilikuwa linadondosha. Kila lilipolala palibaki doa jeusi, na kila asubuhi doa lilikuwa kubwa kuliko la jana yake. Baba alitandika maboksi chini. Akaweka beseni. Beseni likawa linajaa oili, naye anaichuja kwa kitambaa na kuirudisha kwenye injini, mama anamtazama tu kupitia dirishani. Kuku wetu mmoja alipita hapo akawa mweusi tumbo zima, na mpaka anachinjwa hakuwahi kutakata. Mwanzoni tulicheka. Mimi nilikuwa darasa la pili, nilijua magari yote ya kizee yana tabia hiyo, kama wazee wanavyokohoa.

Kisha mjomba Ngassa akaja. Huyu alikuwa kaka yake mama, aliishi na bibi huko ng'ambo ya ziwa, mbele ya Sengerema. Alishuka kwenye basi na shati limelowa, akakaa kwenye kiti bila kuegemea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, nikajua kuna jambo.

"Shemeji," akamwambia baba, "mama tumbo limejaa. Amekuwa kama mjamzito, na miguu imevimba. Kule zahanati wamesema apelekwe Mwanza kwenye hospitali kubwa, tena asicheleweshwe."

"Basi mngekuja naye," baba akasema.

"Hawezi kukaa, shemeji. Tulimpandisha kwenye basi, hatukufika hata kituo cha pili, akapiga kelele watu wote wakashuka. Ni wa kusafirishwa amelala. Ndiyo tukasema, shemeji ana gali." Mjomba alikuwa anasema gali, kama wengi wa kwetu, na siku hiyo alilisema neno hilo kwa heshima kubwa mpaka baba akajinyoosha kitini.

"Jumamosi," baba akasema. "Nalishughulikia kidogo, Jumamosi nipo huko. Mwambieni mama ajiandae."

Mama hakungoja Jumamosi. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaniacha na baba, akaondoka na mjomba kwa basi lile lile la jioni akamuuguze mama yake. Mlangoni alimgeukia baba. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Baba Kabula," akasema, "sikudai kitu kingine maisha haya. Hilo tu."

"Jumamosi," baba akarudia. Na aliamini, naapa. Hakuwa anamdanganya.

Baba alimwita Fundi Magesa. Huyu alikuwa Mjita mrefu, mpole, aliyekuwa na gereji yake chini ya mwamba karibu na njia ya reli, na ndiye aliyekuwa akilishika gari letu tangu tulipolipata. Alilala chini, akatoka, akafuta mikono, akasema ni gasketi ya chini. Akakata gasketi mpya kwenye boksi gumu la sigara, akaipaka gundi, akafunga. Ijumaa jioni palikuwa pakavu. Baba alitandika godoro siti ya nyuma, akaweka mto wenye foronya ya maua. Jumamosi asubuhi tulikuta beseni limejaa.

"Basi ni ya juu," Fundi akasema. Akafungua kifuniko cha juu, akabadilisha gasketi ya juu. Ikavuja ya pembeni. Akaziba ya pembeni. Ikarudi kuvuja ya chini. Walikuwa wanakaza nati mpaka misuli ya shingo inawatoka. Nilizoea kulala nikisikia spana. Godoro lile la bibi lilikuwa linatolewa Jumamosi jioni na kurudishwa Ijumaa inayofuata.

Mama alikuwa anatuma salamu kwa kondakta wa basi. Kondakta alisimama stendi ya Buzuruga, baba akaenda kumfuata, nami nikiwa nimemshika shati. "Mama Kabula anasema mgonjwa anaogeshwa kila Jumamosi asubuhi," yule kijana akasema, akipandisha mizigo huku anaongea. "Anavalishwa kitenge chake cha kanisani, wanamtoa mlangoni akae kwenye mkeka aone barabara. Anasema mkwewe anakuja na gari. Anawaambia na majirani."

Baba alisema asante. Tulitembea njia yote hadi nyumbani.

Mtaniuliza, si angeomba gari kwa mtu? Aliomba. Alimeza kiburi chake akapanda kwa Mzee Kulwa, akarudi upesi mno. Mzee Kulwa alikuwa amesema gari lake liko chini sana, barabara ile ya vumbi na mawe ingelipasua tumbo, na kwamba anasikitika. Labda alisikitika kweli. Kukodi nako kulitaka fedha, na kiwanda kilikuwa hakijalipa mtu tangu msimu ulioisha. Basi baba alirudi kwenye lile lile, kwa sababu hakuwa na lingine.

Ndipo Fundi Magesa akaja na wazo la unga. Aliiosha injini yote kwa petroli na brashi mpaka ikang'aa, akaiacha ikauke. Kisha akaniita. "Kabula, mama, niletee unga wa muhogo jikoni. Mwingi kidogo."

Nilileta kwenye bakuli. Akautia ndani ya soksi kuukuu, akawa anaipigapiga ile soksi juu ya injini, unga unashuka mweupe, unafunika vyuma vyote. Alikuwa ananong'ona. Leo najua unga ulikuwa wa kuonyesha oili inapotokea, na kwamba alikuwa anahesabu bolti, akijikumbusha zipi ameshazikaza. Lakini mimi wakati ule nilisimama nikakakamaa, maana jambo hilo nililijua. Nilikuwa nimeliona kwa bibi.

Sisi tulikuwa watu wa kanisani, lakini kila tulipokuwa tunaagana, bibi alichukua unga mweupe wa mtama, akaukoroga na maji kwenye kibuyu, akanyunyiza mlangoni, halafu kwenye miguu yetu na magurudumu ya gari, akiwataja kwa sauti ya chini wazee waliotangulia ili safari iwe njema. Mama alikuwa anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka iishe. Baba alivua kofia. Kwa hiyo nilipomwona Fundi ananyunyiza unga na kunong'ona, nikafurahi moyoni. Nikasema, kumbe! Wameacha kukaza nati, sasa wanaomba. Nikafumba macho, nikawatajia hao wazee jina la bibi, Minza, mama yake Ngassa, mwenye tumbo, anayekaa kwenye mkeka. Nililitaja jina lake wasije wakamsahau.

Baba akawasha. Wanaume wote wawili wakainama juu ya injini, hawapepesi macho. Nikaelewa wanangoja jibu. Unga ulianza kulowa. Kwanza doa moja pembeni ya kifuniko, likawa mstari. Kisha mbele, karibu na feni. Kisha nyuma. Kisha chini kote, weupe ukawa unaliwa na weusi, na ule uliogusa bomba la moshi ukaungua, na hiyo harufu ikapanda. Fundi akanyoosha mgongo taratibu.

"Mzee," akasema, "linatoka kila mahali."

Baba akazima. Moyo ulinipasuka paa! Nilijua wale wazee waliotangulia wamekataa. Nikamvuta baba suruali. "Baba, labda hamkulitaja jina lake vizuri."

"Jina la nani?"

"La bibi."

Alinitazama bila kuelewa, uso wake umechoka, ana unga kwenye nyusi. Akaniambia, "Nenda kaoge, mama." Nikaenda kuoga. Nililia ndani ya maji ili asisikie.

Jumamosi iliyofuata alisema liwalo na liwe. Alipakia galoni za oili kwenye buti, akanikalisha mbele, tukaondoka. Alikuwa amepiga hesabu zake: litavuja, atasimama, ataongeza, ataendelea, hivyo hivyo mpaka kwa bibi na kurudi. Tulivuka Usagara vizuri. Alianza hata kupiga mluzi. Tulipokamata njia ya Kigongo, ya kwendea kivukoni, kwenye mwinuko mdogo ambao baiskeli zilikuwa zinaupanda bila shida, gari likaunguruma kwa nguvu zote na lisisogee. Baba akakanyaga mafuta, injini ikalia, sisi tumekaa pale pale. Halafu tukaanza kurudi nyuma.

Oili ilikuwa imevujia kwenye klachi. Galoni zote zile kwenye buti hazikuwa na msaada, maana tatizo halikuwa tena oili kupungua, lilikuwa ni klachi kuteleza. Wenye baiskeli walishuka wakatusukuma kando. Mmoja akasema, "Pole mzee, hili limeshazeeka," na baba akaitikia "ndiyo" kama mtoto anayekaripiwa. Kutoka pale ulikuwa unaona ziwa kwa mbali, na ng'ambo yake vilima vya kwao mama. Nilivionyesha kwa kidole. Baba hakuvitazama.

Tulivutwa kurudi mjini na lori la mnunuzi binafsi lililojaa pamba mpaka juu, vipande vinapeperuka vinatua kwenye kioo chetu. Baba alikuwa ameshika usukani wa gari lisilokwenda, anatazama pamba hiyo. Sijawahi kumwona mtu mzima mnyonge kiasi kile.

Aliuza redio. Kwa fedha hiyo akapata sili ya nyuma ya injini, ile pete inayozuia oili isifike kwenye klachi, kwenye duka la spea la Mhindi mmoja mjini, mzee mkarimu aliyeipekua stoo yake mpaka akaikuta kwenye boksi lililoliwa na panya. Fundi Magesa na wenzake waliweka nguzo juu ya mawe mawili makubwa ya uani kwetu, wakafunga mnyororo, wakaining'iniza injini katikati ya mawe. Sili ikabadilishwa, klachi ikaoshwa, injini ikarudi. Kondakta alikuwa ameleta salamu nyingine: mgonjwa hawezi tena kukaa mlangoni, lakini anauliza.

Wakawasha. Baada ya muda mfupi, tone. Kisha tone.

Fundi Magesa aliketi kwenye jiwe, akashika kichwa. "Mzee, mimi nimefika mwisho. Nisikudanganye."

Baba alichukua galoni aongeze oili, injini ikiwa bado inawaka, kwa mazoea tu ya kukata tamaa. Alipolegeza kofia ya kujazia oili, kofia ikamruka mkononi, moshi ukamfukia usoni puu! Akarudi nyuma. Akaiokota, akaifunga. Akaifungua tena, ikaruka tena. Sasa akaiacha wazi, akapiga magoti, akachungulia chini. Alikaa hapo chini muda mrefu.

"Fundi," akaita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njoo uone. Nikifungua juu, kuvuja chini kunapungua."

Fundi akaja mbio.

"Hili gari linapumulia wapi?" baba akauliza.

Wote wawili wakaangalia bomba moja la mpira, fupi, linalotoka kwenye kifuniko cha juu. Fundi alilichomoa, akalipuliza, halikupulizika. Akaingiza koleo. Kilichotoka kilikuwa donge jeusi, gumu, refu kama kidole, na nyuma yake lingine. Fundi akalipasua la kwanza katikati. Ndani bado palikuwa peupe.

Baba akalichukua. Akalivuta taratibu kwa vidole, kama kazini, akatazama nyuzi zake. Nilimwona anajua.

"Daraja la kwanza," akasema. "Hii ni yangu."

Kiwandani kwao vumbi la pamba lilikuwa halivumiliki, na wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wanajiziba pua kwa pamba safi ili kuzuia vumbi. Hata baba alikuwa anarudi nyumbani nayo puani, mama anamkumbusha aitoe kabla ya kula. Basi alipolinunua lile gari, kiangazi, na akijua vumbi la barabara ya Sengerema lilivyo, aliliona lile bomba akadhani injini inavutia hewa hapo. Akalionea huruma. Akachagua pamba nzuri kabisa, akaliziba. Kumbe injini ilikuwa inatolea pumzi hapo, haivuti. Pamba ilishiba oili ikakauka ikawa jiwe, na pumzi ilipokosa njia ikawa inasukuma oili kwenye kila mwanya iliouona. Wangeweza kubadilisha gasketi mpaka Yesu anarudi.

"Mimi nimelipita bomba hilo kila siku," Fundi Magesa akasema polepole. "Nalichomoa, nalirudisha. Sikuwahi kulichungulia."

Hawakulaumiana. Walirudisha bomba likiwa tupu, wakawasha, wakangoja. Wakangoja sana. Hakuna tone. Fundi alipitisha kiganja chini ya injini, akakitoa kikiwa kikavu, akamwonyesha baba, na baba akageuka akatazama ukuta.

Haikuwa Jumamosi, ilikuwa katikati ya wiki. Baba hakungoja. Alinawa mikono, akatandika godoro na mto, akaniambia nipande, tukaondoka, mimi nikiwa bado na sare ya shule. Ule mwinuko wa Kigongo tuliupanda bila hata kubadili gia. Kwenye kivuko alishuka akainama kuchungulia chini ya gari, akacheka peke yake, akamwambia mtu asiyemjua aliyekuwa na mbuzi, "Kavu!" Yule mtu akasema hongera. Nilikuwa na furaha. Niliwaza wazee wamekubali kumbe, walikuwa wanachelewa tu.

Tulipokunja kuingia kijijini kwa bibi, watu walikuwa wamejaa uani mpaka barabarani. Nilidhani wametoka kulitazama gari. Si bibi alikuwa amewaambia majirani? Nikatoa mkono dirishani, nikawapungia. Mwanamke mmoja akanitazama akafunika mdomo kwa kanga. Baba akapunguza mwendo. Halafu tukasikia sauti ndani ya nyumba, "Mayu wane! Mayu wane!" mtu anamlilia mama yake kwa Kisukuma, na ilikuwa sauti ya mama yangu.

Bibi alikuwa amefariki asubuhi ile ile.

Mama alitoka alipoambiwa tumefika. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu, mikono imelegea. Alikuja hadi kwenye gari. Kitu cha kwanza, aliinama, akatazama chini yake. Kisha akatazama godoro kule nyuma, na mto.

"Limepona?" akauliza.

"Limepona," baba akasema.

"Ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati yao, nawasikia wote. Baba angeweza kusema sili. Angesema gasketi, angesema chochote, mama asingejua maisha yake yote. Mjomba Ngassa na kaka zake wengine walikuwa wamesimama hatua chache tu, wanatutazama, na nyuso zao hazikuwa nzuri.

"Pamba," baba akasema. "Niliiweka mimi mwenyewe, zamani, kwenye bomba la kupumulia. Mama Kabula, ni mimi niliyeziba."

Mama alishika mlango wa gari. Halafu akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ambayo kaka zake wasingeisikia.

"Waambie sili. Usimwambie mtu mwingine hapa neno hilo." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Toa hilo godoro. Wanahitaji mbao za jeneza kutoka Sengerema na hawana wa kuzileta."

Baba alizileta mbao. Alileta pia misumari, sukari, magunia ya mchele, akamleta katekista, akarudisha wakwe waliotoka mbali. Siku zote za msiba alikuwa barabarani. Gari halikusumbua hata kidogo, na watu wakalisifia, wakasema gari la mkwe ni imara. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, hanyanyui macho. Mjomba alimpa mkono, akamshukuru mbele ya watu wote kwa jinsi alivyohangaika na ile sili.

Tulipokuwa tunaondoka mama aliniweka siti ya nyuma, akanifungia mlango, akapita mbele ya gari. Baba alikuwa ameshamfungulia upande wake. Mama hakusimama. Alikwenda na kifurushi chake mpaka barabarani, akapunga mkono, basi likasimama, akapanda. Hakuwa na hasira usoni. Ningeiona hasira ningejua la kufanya, ningelia, ningemkimbilia.

Tulivuka kwa kivuko kimoja, sisi na gari letu, yeye na abiria wa basi, amesimama kwenye vyuma vya pembeni anatazama maji. Nilimpungia, naye akanipungia, akatabasamu vizuri kabisa. Baba alikuwa anamtazama. Kivuko kilipogusa Kigongo, kondakta akaita abiria wake, nao wakapanda mmoja mmoja. Baba alishuka upesi, akazunguka, akaufungua tena mlango wa mbele wa kushoto, akasimama ameushika. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yakapiga honi. Mtu akamtukana. Hakusogea. Basi likawasha, likatupita, mama yupo dirishani upande wa pili, hatukumwona uso, tulikiona kitambaa chake cha kichwa tu. Likapanda mwinuko, likapotea.

Baba alibaki ameshika mlango kwa muda. Kisha akanigeukia kule nyuma.

"Njoo ukae mbele, mama," akaniambia.